Kila Tarehe na Mahali Pake: Mhadhara juu ya Video Fupi za Historia ya Vifaa vya Kila Siku

 

Nimeombwa nizungumzie zile video fupi zinazoonyesha jinsi vifaa vya kila siku vilivyobadilika. Mmeziona. Simu ya ukutani inageuka kuwa ya mezani, ya mezani inakuwa tofali la mkononi, tofali linakonda, vitufe vinatoweka, na mwisho inabaki bapa la kioo. Juu ya kila picha kumeandikwa mwaka kwa tarakimu kubwa. Muziki unapanda, na katika sekunde 40 mtazamaji amevushwa miaka 150.

Nazipenda video hizi. Zinamfanya kijana wa miaka 17 amgeukie nyanya yake na kumuuliza, "Nanyi mlikuwa mnafanyaje?" Swali hilo vitabu vingi vya historia havijaweza kulizusha. Lakini nina hoja moja ya kuwawekea mezani leo, na yote nitakayosema yataizunguka hiyo. Video nyingi za namna hii zinapotosha hata pale ambapo kila tarehe ndani yake ni sahihi, kwa sababu tarehe inatajwa bila mahali, na kifaa kinaonyeshwa bila mtumiaji. Nitaanza kwa kuonyesha upotofu huo unavyoingia, kisha nieleze namna ya kutengeneza video inayouepuka.

Ufupi si kosa

Wapo wanaodhani kwamba ubaya wa video hizi ni ufupi wake. Mimi simo. Sinema yenyewe ilizaliwa fupi. Tarehe 28 Desemba 1895, jijini Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu kumi, kila moja ikiwa haifiki dakika. Mojawapo ilionyesha wafanyakazi wa kiwanda chao cha Lyon wakitoka langoni baada ya kazi. Hakuna anayeigiza kisa humo. Wanatoka wanawake kwa wanaume, anapita mwenye baiskeli, anapita mbwa. Leo mtu anayetaka kujua watu wa kawaida wa Lyon walivaaje na walisafirije kwenda kazini anaitazama filamu hiyo kama ushahidi. Waliopiga picha hawakukusudia kuandika historia ya vifaa, ila kamera yao ilielekezwa kwa watu, na vifaa vikaonekana vikiwa mikononi mwa wenyewe.

Miaka 110 baadaye, tarehe 23 Aprili 2005, video ya kwanza kabisa iliwekwa kwenye YouTube. Ina sekunde 19: kijana amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, akisema kwamba wana mikonga mirefu sana. Nayo pia, bila kukusudia, imehifadhi ubora wa picha na sauti wa kamera ndogo za wakati ule.

Basi sekunde chache zinatosha. La kuuliza ni hizo sekunde zimegawiwa nini.

Mwaka mmoja, mahali patatu

Tuchukue mwaka 1973. Karibu kila video ya historia ya simu inao. Tarehe 3 Aprili mwaka huo, mhandisi wa Motorola, Martin Cooper, alisimama barabarani Manhattan, New York, akiwa na simu ya mkononi yenye uzito wa zaidi ya kilo moja, akampigia Joel Engel, mhandisi wa kampuni shindani ya Bell Labs, kumjulisha kwamba ametanguliwa. Kisa kitamu, na ni cha kweli. Video nyingi zinakiweka, zinaandika "1973: simu ya mkononi," kisha zinaruka.

Sasa mtazamaji wetu aliyeko Singida ameelewa nini? Ameelewa kwamba mwaka 1973 dunia ilipata simu ya mkononi. Haikuipata. Hata Marekani kwenyewe ilingoja miaka kumi, hadi 1983, ndipo simu hiyo iwe tayari kuuzwa, kwa dola 3,995, nayo ikichajiwa saa kumi iliweza kuzungumza kama nusu saa. Dar es Salaam ilingoja hadi 1994, kampuni ya Mobitel ilipoanza huduma, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wachache wenye fedha. Vijijini watu waliendelea kungoja hadi miaka ya 2000.

Mwaka huohuo wa 1973, huku kwetu kulikuwa na jambo kubwa la teknolojia, nalo halimo katika video yoyote niliyowahi kuiona. Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Serikali ilitumia redio. Watu walikusanyika katika vikundi kijijini, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi karibu na nyumba na kuchemsha maji ya kunywa. Walioshiriki walikuwa takriban milioni 2. Redio moja ilisikilizwa na kikundi kizima, kipindi kikiisha mjadala ukaanza, na mjadala ukiisha watu wakashika majembe. Hayo ni matumizi ya redio ambayo nchi tajiri zilizoivumbua hazikuwa nayo kwa kiwango hicho.

Na Zanzibar? Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970, Zanzibar ilianzisha televisheni, tena ya rangi, ikiwa ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, pamoja na migodi na viwanda vyake vyote, ilianza utangazaji rasmi wa televisheni Januari 1976. Tanzania Bara, iliyo upande wa pili wa mkondo huu tu wa bahari, haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi.

Ukichora haya kama mstari mmoja, utachanganyikiwa. Kisiwa kinaitangulia Bara kwa miaka 20, na kinaitangulia nchi yenye utajiri mkubwa barani. Sababu haimo katika kifaa, maana televisheni ilishauzwa duniani kwa miongo kadhaa. Sababu ni maamuzi ya watawala. Afrika Kusini, wakuu wa ubaguzi wa rangi waliiogopa televisheni. Albert Hertzog, aliyekuwa waziri wa posta na simu hadi 1968, aliipinga kwa nguvu zote akihofu itawaharibu watu. Tanzania Bara, serikali iliiona kuwa ni anasa ya watu wachache wa mjini, ikachagua redio ambayo ingemfikia mkulima. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au usikubaliane nao. Lakini video inayosema "televisheni ilikuja" kana kwamba ni mvua imeuficha uamuzi wenyewe.

Ndiyo maana nawapendekezea aina ya video ambayo sijaiona ikitengenezwa vya kutosha: video ya mwaka mmoja. Badala ya kushuka na miaka, simama kwenye mwaka mmoja na uhame mahali. 1973: New York, mhandisi na simu yake. 1973: kijijini Tanzania, kikundi kimeizunguka redio. Halafu Unguja, familia mbele ya televisheni ya rangi. Sekunde 15 kila mahali. Mtazamaji akimaliza atajua kwamba dunia haikuwahi kutembea kwa hatua moja, wala hatahitaji kuhubiriwa.

Simu mbili za mwaka 2007

Mwaka wa pili wa namna hiyo ni 2007. Januari 9, Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco akaitambulisha iPhone. Tukio hilo limo katika kila video, na linastahili kuwemo. Machi 6 mwaka huohuo, Kenya, Safaricom ilizindua M-Pesa. Hili mara nyingi halimo, na likiwemo linawekwa chini ya "fedha", si chini ya "simu".

Kisa? Kwa sababu M-Pesa haikuleta kifaa kipya cha kupigwa picha. Ilipita katika simu ndogo ambayo mtu alishaimiliki, kwa kutumia menyu ndani ya laini na ujumbe mfupi wa maandishi, teknolojia iliyotumika kwa mara ya kwanza Desemba 1992 huko Uingereza, mhandisi Neil Papworth alipotuma salamu ya Krismasi. Teknolojia ya miaka 15 ikapewa kazi mpya, na kazi hiyo ikabadilisha maisha ya watu wa Afrika Mashariki kwa haraka kuliko bapa lolote la kioo.

Tena kazi yenyewe ilibadilishwa na watumiaji. Majaribio ya M-Pesa yalianza 2005, Nairobi na Thika, yakiwa na lengo la kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kupitia simu. Waliopewa simu za majaribio wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, kwa shughuli zao. Waendeshaji wakaliona hilo, wakaigeuza huduma. Na hata kabla ya hapo, nchini Uganda watu walishabuni njia: aliye mjini ananunua vocha, anampigia mwenye kibanda cha simu kijijini, anamsomea namba, naye mwenye kibanda anajiongezea salio kisha anampa ndugu wa mpigaji fedha taslimu, akikata chake kidogo. Jan Chipchase, aliyekuwa mtafiti wa Nokia, aliiandika desturi hiyo. Kampuni ya simu haikuibuni wala haikuitangaza.

Ukitaka kutengeneza video ya dakika moja juu ya kutuma pesa nyumbani, basi usiifunge kwenye vifaa. Anza na hawala ya posta: fomu, muhuri, foleni. Nenda kwenye bahasha inayokabidhiwa kondakta stendi, jina la mpokeaji limeandikwa juu kwa kalamu, na aliyeituma ana wasiwasi hadi jioni. Halafu vocha inayosomwa namba kwa namba. Kisha wakala kibandani na daftari lake, na mteja anayebonyeza *150*00# bila kuhitaji intaneti. Njia hizo nne kwa pamoja zina historia ndefu kuliko simu yoyote iliyomo humo, na kila moja mtazamaji ataitambua kwa sababu yeye au mama yake aliwahi kuipitia.

Kipya kikija, cha zamani huenda wapi?

Waswahili husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Video za mfululizo wa miaka zimejengwa juu ya kinyemi hicho: kila kipya kinapoingia, cha zamani kinatoka upande wa kushoto na hakirudi. Mwanahistoria wa Uingereza David Edgerton ameandika kitabu kizima, *The Shock of the Old*, akidai kwamba tumezoea kuhesabu historia ya teknolojia kwa siku za uvumbuzi, wakati inayofaa kuhesabiwa ni historia ya matumizi. Ukihesabu matumizi, vya zamani hujaa kila mahali.

Huhitaji kwenda Ulaya kuthibitisha. Pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele kwenye komeo, bado inanyoosha mashati ya shule umeme unapokatika, na pasipo umeme haijawahi kupumzika. Jiko la mkaa liko uani na jiko la gesi liko ndani, katika nyumba moja, na mpishi anajua maharage yanakwenda wapi na chai inakwenda wapi. Simu ndogo yenye tochi, wanayoiita kitochi huku na mulika mwizi kwa ndugu zetu wa Kenya, iko mfukoni pamoja na simu janja ya mtu yuleyule, kwa sababu chaji yake inafika keshokutwa. Nokia 1100, iliyotoka 2003 ikiwa na tochi na vitufe vilivyofunikwa visiingiwe na vumbi, iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Katika video nyingi haipewi hata sekunde moja, maana haikuwa ya kwanza kwa lolote.

Na wakati mwingine mgeni huja mwenyeji akapona. Redio ilitabiriwa kufa televisheni ilipokuja, ikatabiriwa tena intaneti ilipokuja. Kumbe nyingi kati ya zile simu ndogo zilikuja na redio ya FM ndani yake, na mtu ambaye hakuwahi kumiliki redio akawa nayo shambani, waya wa spika za masikioni ukiwa ndiyo antena. Katika mstari wa kawaida, redio ni kituo cha tatu au cha nne kabla ya televisheni. Katika maisha ya watu, redio haijawahi kutoka.

Sekunde moja, mwaka mmoja

Sasa kazi yenyewe. Video za kawaida zinakipa kila kifaa sekunde tatu, sawasawa. Kilichodumu miaka 50 na kilichodumu miaka miwili vinapewa nafasi ileile. Huo ndio mlango wa upotofu, na mlango huo unaweza kufungwa kwa kanuni rahisi: sekunde moja iwe mwaka mmoja.

Tuchague mahali, Dar es Salaam, na tuanze 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo. Mwaka 2025 utaangukia sekunde ya 74. Zaidi kidogo ya dakika, na majukwaa makubwa ya video fupi siku hizi yanaruhusu.

Tazameni kinachotokea. Katika sekunde ya sita, Juni 1957, BBC inaanza matangazo ya Kiswahili. Sekunde ya kumi ni Uhuru, Desemba 1961, na redio ndiyo iliyoupeleka mbali na uwanja. Transista ilivumbuliwa Marekani Desemba 1947, na redio ndogo ya kwanza ya transista ikaingia madukani huko mwaka 1954. Kwetu, redio za betri zinazobebeka zinaenea katika miaka ya 1960, kwa hiyo ndani ya video hii transista haiingii kwa tarehe ya kuvumbuliwa. Inaingia pale inapoonekana begani mwa mtu njiani. Sekunde ya 22 ni Mtu ni Afya. Televisheni? Bado. Simu ya mkononi? Bado. Zote mbili zinatokea sekunde ya 43. Sekunde ya 57 ni mwaka 2008, fedha za simu zinafika Tanzania. Sekunde ya 58, nyaya za intaneti za chini ya bahari: SEACOM inatia nanga Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009. Desemba 31, 2012, sekunde ya 61, mitambo ya analojia inazimwa Dar es Salaam na kila mwenye televisheni anahitaji king'amuzi.

Msongamano wa mwisho unasema jambo ambalo maelezo ya mdomo yasingelisema vizuri: kwa zaidi ya nusu ya kipindi hicho, mawasiliano ya nyumba ya kawaida yalikuwa redio na barua, kisha katika sekunde 18 kila kitu kikaingia kwa mkupuo. Na kwa kuwa redio haikuondoka, nashauri skrini igawanywe. Sehemu ya chini ni ya redio kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikibadilika umbo tu: kutoka kabati la mbao, hadi ya mkononi, hadi ya daladala, hadi ndani ya simu. Vingine vyote vinaingia sehemu ya juu.

Najua mtaniambia kwamba mtazamaji hatangoja sekunde 43 za redio; atasukuma kidole na kwenda zake. Ni kweli ukimwekea picha iliyoganda. Sasa mpe swali katika sekunde tatu za mwanzo. Mwonyeshe betri nne zimeanikwa juani juu ya bati, na umuulize: kwa nini? Wenye umri wangu wanajua. Betri zikichoka, zilianikwa, kwa sababu joto huchangamsha kemikali zilizomo ndani na kupunguza ukinzani, zikatoa nguvu kidogo zaidi kwa muda; zilitosha kumaliza taarifa ya habari. Kijana asiyejua atabaki kusikia jibu. Halafu kila sekunde kumi mpe jambo lingine la mkono: kitambaa cha kufuma kilichoifunika redio sebuleni, kaseti inayozungushwa kwa kalamu ili kuokoa betri, watoto wanaoamriwa kunyamaza saa ya taarifa ya habari. Matumizi ndiyo yanayojaza muda. Mtengenezaji anayekosa cha kusema katika miaka 43 ya redio hana tatizo la urefu, hajauliza watu.

Picha, sauti na maneno

Nimefika kwenye mambo ya ufundi, na nitayapitia kwa kifupi.

Picha ya kwanza anayoipata mtu mtandaoni kwa kawaida ni ya chumba cha Marekani au Uingereza. Ukiiweka juu ya maneno yanayomhusu karani wa Tanga, umedanganya hata kama modeli ya simu ni ileile. Simu ya ofisini kwetu ilikuwa na kufuli dogo kwenye kizungushio, ili mtu asipige bila ruhusa ya mkubwa. Kufuli lile linaeleza bei ya simu, uchache wa laini na madaraka ya ofisi, na huwezi kulipata katika picha ya tangazo la Chicago. Kwa hiyo tafuta kifaa chenyewe. Mafundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, wana maboksi ya simu zilizokufa, na wengi watakuruhusu upige picha ukiomba kwa adabu na ukawanunulia soda. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam na Nairobi, na zile za Kilimani, Zanzibar, zina picha na magazeti. Fuateni taratibu zao, ombeni kibali, na tajeni chanzo ndani ya video. Picha za familia zina wenyewe. Ruhusa iombwe kabla, na aliyekataa aachwe.

Siku hizi ipo njia ya mkato: unaiambia kompyuta ikutengenezee picha ya kijiji cha Tanganyika mwaka 1955, nayo inakutengenezea, safi, yenye watu ambao hawakuwahi kuzaliwa na redio ambayo haikuwahi kuuzwa. Ikiwa lazima uitumie, iandike juu yake kwamba imetengenezwa, kwa herufi zinazosomeka. Ushauri wangu hasa ni kwamba usiitumie. Mzee anayeigiza kwa mikono yake jinsi alivyokuwa akitafuta stesheni kwenye masafa mafupi ni ushahidi bora kuliko picha nzuri ya uongo, na gharama yake ni nauli.

Sauti husahaulika, nayo ndiyo inayorudisha wakati haraka. Mkoromo wa masafa mafupi, kishindo cha kitufe cha kaseti, mlio wa kizungushio kinaporudi baada ya sifuri, kucha inayokwangua vocha. Rekodi hizo mwenyewe. Ule mlio maarufu wa Nokia umetoka katika muziki wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega, na wengi humu wakiusikia watajua ni mwaka gani bila kuandikiwa. Muziki mzito wa kubandika juu ya kila video unazifunika sauti hizi zote, upunguzeni.

Kuhusu maneno, tunao walimu ambao vyuo havijawatambua ipasavyo. Katika vibanda vya video, Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, aliitafsiri na kuisimulia sinema ya kigeni kwa Kiswahili cha watu wake, na nchini Kenya, DJ Afro amefanya hivyo kwa mapenzi makubwa ya wasikilizaji. Hawakusoma maandishi ya chini ya picha. Walizungumza na aliyeketi kwenye benchi, wakamweleza kwa nini yule bwana amekasirika na atafanya nini. Hiyo ndiyo sauti ya kuifuata. Kwa sekunde 74, maneno 130 hivi yanatosha. Yakizidi, msimulizi atakimbia na picha zitakosa nafasi ya kuzungumza. Maandishi yawekwe pia, kwa ajili ya wasiosikia na kwa ajili ya anayetazama ndani ya basi bila sauti, lakini yasiizibe mikono ya mtu anayeonyesha kitu.

Na kila tarehe iwe na mahali pake. Usiandike "1994: simu ya mkononi." Andika "1994, Dar es Salaam: Mobitel yaanza, wanaomudu ni wachache." Yanaongezeka maneno machache, na uongo unaondoka.

Baada ya kutazamwa

Ndugu zangu, video fupi haina maisha marefu. Itapita kwenye simu za watu kwa wiki moja au mbili, itacheka nayo dunia, kisha itazikwa chini ya nyingine. Lakini ili upate zile sekunde tano za bibi anayeeleza betri juani, ulikaa naye saa nzima. Saa hiyo ndiyo mali. Ndani yake amekueleza redio ilinunuliwa kwa magunia mangapi ya pamba, nani aliruhusiwa kuigusa, na siku ilipoibwa majirani walisemaje. Hayo hayapo katika kitabu chochote, na wenye kuyajua wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo pendekezo langu la mwisho linahusu kile kinachobaki nje ya video. Hifadhini rekodi nzima. Iandikeni jina la msimulizi ikiwa ameruhusu, mahali, tarehe ya mazungumzo, na kifaa kinachozungumzwa. Wekeni nakala moja kwenu na nyingine katika maktaba ya chuo au ya wilaya itakayokubali kuipokea. Walimu, ipeni kazi hiyo alama kama mnavyoipa insha. Kila mwanafunzi achague kifaa kimoja na mtaa mmoja tu, azungumze na watu wa rika tatu, kisha atoe video ya dakika moja na rekodi zake zote. Darasa la wanafunzi 30 likifanya hivyo, kwa muhula mmoja mtaa wenu utakuwa na kumbukumbu ya vifaa vyake ambayo hata makampuni yaliyovitengeneza hayana.

 Sasa ni zamu ya maswali, na naomba wazee waanze.